Kona ya Mwalimu: Daftari la pointi na droo ya nkambo



Mwezi uliopita tuliongea juu ya kusoma tarehe kwenye kadi ya kliniki, na mama wengi walinisimamisha njiani kunishukuru. Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuongea juu ya vipimo vya mbegu na mbolea, lakini papa mmoja alinikuta kwenye bomba la maji akaniuliza kwa sauti, mbele za watu: "Mwalimu, ni kweli unafundisha batoto kucheza kamari?" Nikamwambia, papa, swali lako ni la haki, nitalijibu kwenye ukurasa wangu ili kila mtu asome. Maana jibu la njiani linabaki njiani, na uvumi unaendelea na safari yake.

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ni hili hapa, na ndani yake kuna kosa langu mwenyewe ambalo nimechelewa kulikiri.

Mambo yalianza Januari 2024. Mnakumbuka huo mwezi. Ziwa Mweru lilikuwa limefungwa kama kila mwaka, kutoka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaana, na wale vijana wetu wanaopata kibarua cha kuvuta nyavu na kuanika samaki kule Kashikishi walikuwa wamekaa bure. Mashambani mahindi yalikuwa bado mabichi. Wakati huohuo Kombe la Afrika lilianza kule Côte d'Ivoire, na kwa bahati Congo na Zambia wakawekwa kundi moja, pamoja na Morocco na Tanzania. Yaani nyumba tuliyotoka na nyumba iliyotupokea, kwenye kundi moja! Kijana asiye na kazi, mpira kila siku, na simu mkononi. Mnajua kilichofuata.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Mama alimpa kwacha 60 za kusagisha mahindi na kununua chumvi. Jioni alirudi bila unga, bila chumvi, akasema mashine imeharibika. Kesho yake nikapita mashineni, nikaikuta inanguruma kama kawaida. Nilipombana alinionyesha simu: tiketi ya mechi tano, ile ndugu zetu wa Tanzania wanayoiita mkeka. Nne alikuwa amepatia. Ya tano ikamtupa. "Mechi moja tu, yaya! Moja tu ilibaki!" Alisema hivyo na macho yanang'aa, kama mtu aliyekaribia kushika mkia wa samaki mkubwa. Hakuona kwamba amepoteza. Aliona kwamba karibu ashinde. Hapo nikaogopa kweli.

Kumpiga nisingeweza, ameshanizidi kimo. Kumhubiria, amehubiriwa na wengi. Nikasema ngoja nimpeleke kwenye hesabu, kitu pekee ambacho mimi nakijua.

Tulianza na sarafu ya kwacha moja. Niliwapanga watoto 32 wa gredi ya 7 chini ya mwembe, kila mmoja arushe sarafu mara tano, na anayepata upande wa tai mara zote tano anyooshe mkono. Siku ya kwanza walinyoosha wawili. Siku ya pili hakuna hata mmoja. Ndivyo hesabu inavyosema: ukirusha mara tano, njia ziko 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2, yaani 32, na njia moja tu ndiyo tai mtupu. Wengi walipata tai tatu. Wachache walipata nne, na hao wa nne ndio waliopiga kelele kuliko wote, "karibu, mwalimu, karibu!" Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni. Hakusema kitu, lakini aliwaangalia hao wa nne kwa muda mrefu.

Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi, na wazazi naomba mlisome polepole, mkiwa na kalamu.

Kila mechi kwenye zile tiketi ina namba tatu za malipo. Tuseme timu ya nyumbani ni 2.00, droo ni 3.00, wageni ni 3.50. Maana yake ukiweka kwacha 1 kwa timu ya nyumbani na ikashinda, unarudishiwa 2. Sasa fanya hivi: tafuta ni pesa ngapi utaweka kila upande ili matokeo yoyote yakitokea upate kwacha 100 kamili. Kwa timu ya nyumbani utaweka 50. Kwa droo utaweka 33 na kitu. Kwa wageni utaweka 28 na nusu. Jumlisha: karibu kwacha 112. Yaani umetoa 112 ili upokee 100, na hukubahatisha chochote, umeshika pande zote! Hizo 12 ni za mwenye duka, na amezipata kabla ya refa kupuliza filimbi. Hana haja ya kujua mpira. Hana haja hata ya kuupenda.

Kwenye tiketi ya mechi tano anakukata mara tano. Kwa wastani, kama namba zote zimepangwa namna hiyo, katika kila kwacha 100 zinabaki 89 baada ya mechi ya kwanza, halafu 80, halafu 71, halafu 64, halafu 57. Wako watakaopata nyingi siku moja, sikatai, na hao ndio mnaosikia habari zao. Lakini ukichukua vijana wote wa bloku pamoja, na msimu mzima, zile 43 zimeondoka hapa kwetu na hazirudi. Na kumbukeni pia kwamba mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kubeti hapa Zambia, hata akitumia simu ya baba yake.

Mdogo wangu alisikiliza yote hayo, akaniuliza swali moja: "Sasa mechi ya Congo na Zambia tutaiangalia tukiwa tumekaa tu?" Na mimi nikamwelewa. Mpira bila kubishana ni kama bukari bila mboga. Mtu anataka kusema kabla, "nitashinda", na kesho yake atembee akiwa amenyoosha shingo. Basi nikanunua daftari la kurasa 96.

Tulikuwa watu 26, wakubwa watupu. Wengi ni sisi tuliovuka kutoka Congo, na saba ni jirani zetu Wazambia wa vijiji vya karibu, ambao watoto wao wanasoma nasi. Kila mtu aliandikiwa pointi 100. Kwa kila mechi unaweka dau kati ya pointi 5 na 20, huwezi kuzidisha hapo, ili mtu asifilisike siku ya kwanza akaanza kununa. Unachagua timu hii, timu ile, au droo. Mechi ikiisha, madau yote yanakusanywa pamoja, na waliopatia wanagawana kwa kadiri ya walichoweka. Kwacha haziingii. Kitu chochote cha kuliwa, kuvaliwa au kuwashwa moto hakiingii. Zawadi ya mshindi ni kuandikwa jina ubaoni kwa wiki moja, basi.

Namna hii ya kugawana sikuigundua mimi. Joseph Oller aliianzisha Paris miaka ya 1860 kwenye mbio za farasi, na Wafaransa wanaiita pari mutuel. Ila kule mwenye daftari anakata fungu lake kwanza. Kwetu hakukuwa na fungu la kukatwa. Watu 26 mara pointi 100 ni 2600, na kila baada ya mechi, ukijumlisha daftari lote, lazima ipatikane 2600 ileile. Mmoja akipanda, wengine wameshuka. Hakuna kinachotoka nje ya kijiji.

Hapo ndipo watoto wanapoingia, papa yangu, na hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Watoto hawakuweka dau hata pointi moja. Wao walikuwa wahesabu. Asubuhi baada ya mechi, wanafunzi wanne waligawanya na kujumlisha, na mimi nakagua. Siku moja walipata 2585. Tukatafuta zile pointi 15 tangu kengele ya mapumziko mpaka jua linashuka, tukakuta mmoja ameandika 35 mahali pa 50. Mwaka mzima sijaona watoto wanaikimbilia hesabu ya kugawanya namna ile! Lakini nakubali kwamba mtoto akirudi nyumbani akasema "leo tumehesabu madau ya mpira", mzazi ataelewa vingine. Ningeitisha wazazi kabla. Sikufanya.

Sasa niwaletee nkambo.

Ni mama mzee wa bloku ya chini, simtaji jina, wengi mtamtambua na yeye hapendi makelele. Alikuja na fimbo yake, akauliza kama wazee wanaruhusiwa. Tukacheka, tukamwandika. Siku ya tarehe 17 Januari, mechi ya Congo na Zambia, kila mtu alikuwa ameshachagua upande: Congo pointi 210, Zambia pointi 165. Nkambo akasema, "Mwalimu, niandikie droo, zile 20 zote." Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu: "Batoto bangu bako pande zote mbili. Binti yangu ameolewa huku, Kashikishi. Mi nitaomba nani apigwe?" Kijana mmoja naye akaweka 5 kwa droo, kwa kumfurahisha tu.

Mechi ilianza saa nne usiku wa kwetu. Kibanda cha video kilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye matope, wakichungulia. Kings Kangwa akafunga la Zambia, na kabla Wazambia hawajamaliza kucheza ngoma, Yoane Wissa akasawazisha. Ikaisha 1-1. Madau yote yalikuwa 400, droo ilikuwa na 25, kwa hiyo kila pointi ya droo ilizaa 16. Nkambo, ambaye alikuwa amelala saa nyingi, aliamka na pointi 400. Wa pili wake alikuwa na 175.

Tarehe 21 Congo wakatoka 1-1 na Morocco. Jioni ileile Zambia wakatoka 1-1 na Tanzania, Patson Daka akisawazisha dakika za mwisho kabisa. Tarehe 24 Congo na Tanzania 0-0. Nkambo alikuwa kwenye droo zote. Kwa kweli alikuwa kwenye droo ya kila mechi aliyocheza, hakujua njia nyingine. Watu wakaanza kumfuata, na kadiri walivyomfuata ndivyo malipo yalivyopungua: pointi moja ya droo ikazaa 4, halafu 2 na nusu, halafu moja na sehemu sita ya kumi. Wanafunzi wangu waliligundua hilo wenyewe, na sikuwahi kupata mfano mzuri kuliko huo wa kueleza kwa nini kinachokimbiliwa na wote hakilipi. Usiku huohuo wa tarehe 24 Zambia walifungwa 1-0 na Morocco, wakatoka mashindanoni. Nkambo akapoteza 20 zake hapo, akabaki na 482. Congo waliingia mzunguko wa pili kwa droo tatu, bila kushinda mechi hata moja.

Kabla sijafika kwenye kosa langu, kulikuwa na kosa dogo la wengine. Kijana mmoja aliyebakiwa na pointi chache alinunua pointi 50 kwa mwenzake kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Wakaja wote wawili, wanacheka, niwaandikie. Nikakataa. Wakasema si pesa, ni sabuni. Nikawaambia, mama yako anafulia nini wiki hii? Sabuni ikiingia kwenye daftari leo, kesho unaingia unga, na keshokutwa mtu atakuwa analipa pointi kwa godoro la mgonjwa. Walinuna siku mbili. Kwenye jambo hilo sina majuto.

Sasa tarehe 28 Januari, Congo na Misri.

Hii ilikuwa mechi ya mtoano, mmoja lazima aondoke. Waliokuwa wanamfuata nkambo wakamwacha, wakisema mtoano hauna droo. Congo ikapata pointi 290, karibu kila mtu. Misri ikapata 100, wengi wao Wazambia waliokuwa bado na uchungu. Nkambo akatuma mjukuu wake mchana: droo, 20. Nikaandika. Sikumwambia mjukuu kwamba haiwezekani. Daftari langu lilikuwa na safu tatu kwa kila mechi, na sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo.

Mnaikumbuka ile mechi. Meschack Elia akafunga, Misri wakasawazisha kwa penalti, 1-1. Dakika 120 zikaisha 1-1. Wakaenda kwenye penalti, zikapigwa mpaka zikafika kwa makipa wenyewe. Kipa wa Misri akagonga mwamba. Kipa wetu Lionel Mpasi akaweka mpira, akafunga. 8-7! Ilikuwa karibu saa saba ya usiku. Watu wazima walikumbatiana kwenye matope, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Asubuhi nkambo alikuja na fimbo yake. "Imekuwa ngapi kwa ngapi?"

"Moja kwa moja, nkambo."

"Basi iko droo."

Pale shuleni pakawaka moto. Vijana walisema, weye mwalimu, Congo walishinda, dunia nzima imeona, tupe pointi zetu. Mzee mmoja akamtetea nkambo. Akasema mwaka 1974, kule Cairo, Zaire na Zambia walitoka 2-2 kwenye fainali, na kwa kuwa penalti hazikutumika walirudi siku mbili baadaye wakacheza upya, Zaire wakashinda 2-0, mabao yote manne ya Zaire akiyafunga Ndaye Mulamba. "Kama droo si droo," mzee akauliza, "walirudia mechi ya nini?" Hapo Mzambia mmoja akaruka juu: "Ba ticha, 2012 pale Libreville sisi na Côte d'Ivoire ilikuwa sifuri kwa sifuri, penalti 8-7 kama jana. Mnataka kusema Zambia haikushinda? Kombe lilikuja Lusaka au halikuja?" Wote wawili walikuwa na haki, na mimi nilisimama katikati na daftari langu, na sheria ilikuwa haijaandikwa.

Kama ni droo, nkambo peke yake alitakiwa kuchukua madau yote, pointi 410. Kama ni Congo, zingegawanywa kwa watu zaidi ya kumi na tano.

Nikaamua kurudishia kila mtu dau lake. Nilisema sheria haikuwa wazi, kwa hiyo mechi hii haihesabiwi. Vijana walilalamika kidogo wakanyamaza, juu hawakupoteza kitu. Nkambo alisema, "Sawa, mwalimu." Akaenda.

Hiyo "sawa" imenifuata muda mrefu. Wakati ule nilijiambia nimekuwa wa haki kwa wote. Haikuwa kweli. Daftari lilikuwa na safu tatu, nilikuwa nimeipokea droo yake kwa mkono wangu, na matokeo ya mchezo yalikuwa 1-1. Ningekuwa nimekataa ile droo mchana, sawa. Lakini nikishaipokea, ilikuwa dau kama dau lolote. Nilichofanya ni kuhesabu watu: upande huu vijana wengi wenye sauti, upande ule mama mzee mmoja. Kama yeye ndiye angekuwa amepoteza, hakuna ambaye angesema mechi isihesabiwe.

Baada ya hapo niliandika sheria mpya: mechi za mtoano zina safu mbili, nani anasonga na nani anaondoka. Nkambo akasema, "Kama droo haiko, mi sina cha kuweka." Akakaa na 482 zake mpaka mwisho. Congo wakaifunga Guinea 3-1. Tarehe 7 Februari wakakutana na wenyeji Côte d'Ivoire, na wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, juu ya vita vya mashariki ambavyo dunia haivisemi. Tulifungwa 1-0. Usiku ule hakuna aliyeniuliza pointi, na watu walirudi nyumbani kimya. Mechi ya mshindi wa tatu, na Afrika Kusini, ikaisha 0-0, tukashindwa kwa penalti. Droo nyingine, kama nkambo angeruhusiwa! Mshindi wetu alikuwa kijana mmoja mwenye pointi 510, jina lake likakaa ubaoni wiki moja, na daftari likaenda kabatini.

Swali la yule papa kwenye bomba ndilo lililonirudisha kwenye kabati. Nikafungua ukurasa wa tarehe 28 Januari. Na nimeshajifunza kitu ambacho wakati ule sikukijua: kwenye kumbukumbu za mpira, mechi iliyoamuliwa kwa penalti inaandikwa droo, na penalti ni njia tu ya kumpata wa kusonga mbele. Kwa hesabu hiyo Congo walicheza mechi 7 kule Côte d'Ivoire: walishinda 1, walifungwa 1, walitoka droo 5. Walifika nafasi ya nne ya Afrika wakiwa wameshinda mechi moja. Kati yetu sote 26, aliyewaelewa kuliko wengine ni yule aliyekuwa amelala.

Jumamosi iliyopita niliwaita waliokuwepo, waliopatikana walikuwa 17. Nikasoma ukurasa kwa sauti, nikasema nilikosea na kwa nini. Kisha kwa kalamu nyekundu nikatoa pointi 290 kwa waliokuwa na Congo na 100 kwa waliokuwa na Misri, nikamwandikia nkambo zote. Watu wawili walishuka chini ya sifuri. Wakasema watalipa kwa mihogo, nikawaambia sheria ya sabuni bado ipo. Yule mshindi alishuka kutoka 510 mpaka 490. Alinyamaza kidogo, halafu akachukua kalamu akaweka sahihi yake mwenyewe kando ya jina la nkambo. Mdogo wangu, aliyekuwa na 20 zake kwa Congo, ndiye aliyejumlisha daftari zima. Akapata 2600.

Sitawadanganya kwamba mdogo wangu ameacha kubeti kabisa. Mara mbili nimemkamata tena. Lakini tiketi za mechi tano ameacha, na pesa za kusagisha mama sasa anampa dada yetu.

Nilimpelekea nkambo daftari nyumbani, nikamsomea: pointi 872, wa kwanza. Akauliza kama hizo zinaweza kununua kitu. Nikamwambia, nkambo, haziwezi kununua hata chumvi. Akafikiri, akasema, "Basi ziandike vizuri," akaingiza daftari ndani, chini ya mto. Nikitaka kuanza mchezo mwingine itabidi nikaombe kwake.

Papa yangu wa bombani, na mzazi mwingine yeyote: karibuni shuleni Jumatano baada ya masomo ya jioni, mje mwone watoto wanavyohesabu. Anayetaka kunakili sheria aje na karatasi yake.

Hesabu ya mwezi huu, ya wakubwa na wadogo: madau yote ni pointi 360. Timu ya kwanza ina 200, ya pili ina 120, droo ina 40. Mechi imeisha droo. Mama aliyeweka 15 kwa droo atapata ngapi? Andika jibu na jina la bloku yako, ulilete kwenye sanduku la mlango wa darasa la tatu kabla ya mwisho wa mwezi.